Jinsi ya kuweka Tendua na Rudia kwenye programu ya kompyuta

Kiswahili kina kauli yake ya kutendua. Funga, fungua. Kunja, kunjua. Panga, pangua. Unabadilisha mwisho wa kitenzi na kazi yote inarudi ilikotoka. Anayebonyeza Ctrl+Z anaomba hiyo hiyo -ua. Tatizo ni kwamba kompyuta haikupi -ua ya bure: kila kitendo cha programu yako inabidi ukiandikie ya kwake, na kama ilivyo kwenye lugha, vipo visivyokuwa nayo. Ukivunja, hakuna kuvunjua.

Programu yangu ya kwanza ya kuchora visanduku na mishale niliiandika nikiwa nimeiacha Tendua iwe ya mwisho, nikiamini ni kitufe kama vitufe vingine. Nilipoifikia nikakuta data inabadilishwa kila kona: kwenye menyu, kwenye kipanya, kwenye kidirisha cha rangi, hata ndani ya funksheni ya kuchora skrini. Nikabomoa karibu nusu ya programu ili kuweka kitufe kimoja. Kwa hiyo kama bado uko mwanzoni, anza nayo sasa. Kama umeshafika mbali, hatua ya 2 ndiyo itakayokutoa jasho.

Mifano nimeiandika kwa Python kwa sababu inasomeka hata na asiyeitumia. Programu ya mfano ni hiyo hiyo ya visanduku na mishale.

Hatua ya 1: Amua nini kinatenduliwa

Tenganisha hati na mwonekano. Hati ni kile kinachoingia kwenye faili mtumiaji akihifadhi: visanduku, maandishi, rangi, mishale. Mwonekano ni ukuzaji, sehemu ya ukurasa inayoonekana, paneli iliyofunguliwa. Tendua ni ya hati. Mtu aliyefuta kisanduku, akakuza mchoro mara tatu kuukagua, kisha akabonyeza Ctrl+Z, anataka kisanduku chake. Ukimrudisha kwanza kwenye mikuzo yake mitatu ataona unamchezea.

Uteuzi, yaani vitu ambavyo mtumiaji amevichagua, uko katikati. Mimi siuhesabu kama hatua, ila naubeba pamoja na amri, yaani kumbukumbu ya kitendo kimoja na jinsi ya kukigeuza: ukitendua kuhamisha, kisanduku kinarudi mahali pake kikiwa kimeteuliwa, na jicho la mtumiaji linajua pa kutazama.

Halafu kuna vitendo vinavyotoka nje ya programu: kuchapisha, kutuma barua pepe, kufuta faili kwenye diski. Hivi ndivyo vya "vunja". Usiviingize kwenye historia (orodha ya amri zilizotendeka) ukijifanya vinarudishika. Vicheleweshe (barua ikae sekunde 10 kabla ya kuondoka), au vigeuze kuwa vinavyorudishika (faili liende kwenye pipa la taka badala ya kufutwa), au uliza kabla ya kutenda.

Hatua ya 2: Pitisha mabadiliko yote mlango mmoja

Tafuta kwenye msimbo kila mahali panapogusa data ya hati moja kwa moja, mistari ya namna hii:

```
kisanduku.rangi = rangi_mpya
hati.visanduku.pop(namba)
```

Iondoe yote, na kila ilipokuwa weka ombi moja: `historia.fanya(BadiliRangi(...))`. Kuanzia sasa data inabadilishwa ndani ya amri na si kwingine. Ukisahau mstari mmoja tu nje, siku moja mtumiaji atatendua juu ya hati ambayo historia haiitambui tena, na kisanduku kitarudi mahali ambapo hakijawahi kukaa. Ubaya wa kasoro hii ni kwamba haijitokezi pale inapozaliwa. Inasubiri hatua kumi baadaye, na wewe unabaki kukagua amri ambayo haina kosa lolote.

Lugha ikikuruhusu, weka kufuli halisi. Kwenye C++ madirisha yapewe hati kama `const`, yaani isiyoweza kubadilishwa. Kwenye Java yapewe kiolesura chenye kusoma tu. Python haina kufuli la kweli, kwa hiyo hapo unategemea majina yanayoanza na mstari wa chini na macho makali ya anayekagua msimbo.

Hatua ya 3: Chagua kati ya nakala nzima na amri

Njia ziko mbili. Ya kwanza ni kunakili hati yote kabla ya kila badiliko, na kutendua ni kurudisha nakala. Ni njia ya zamani yenye heshima zake: mfumo wa FRESS wa Chuo Kikuu cha Brown, ulioanza mwaka 1968 na kuwa miongoni mwa ya kwanza kumruhusu mtumiaji kutendua, uliweka kila hariri kwenye nakala kivuli ya data. Ya pili ni kuhifadhi amri: nini kilifanyika na jinsi ya kukigeuza.

Piga hesabu kabla ya kuchagua. Hati ya KB 200 ikinakiliwa mara 100 ni MB 20, na kompyuta ya leo haitashtuka. Picha ya pikseli 4000 kwa 3000, kila pikseli baiti 4, ni MB 48, na hatua 50 zake ni GB 2.4. Hapo nakala nzima imeshindwa. Programu za picha hupita katikati: zinagawa picha kwenye vigae, na kunakili vigae vilivyoguswa tu. Kigae cha pikseli 256 kwa 256 ni KB 256. Brashi iliyopita juu ya vigae sita inakugharimu MB 1.5, ukubwa wa picha uwe wowote.

Kama hati yako ni ndogo na una haraka, tumia nakala nzima na usione aibu. Ni vigumu sana kuikosea. Inapokuchosha ni pale hati inapokua, au unapotaka menyu iseme kinachotenduliwa, au skrini inapolazimika kuchorwa upya yote kwa sababu ya badiliko la herufi moja. Yanayofuata hapa ni ya njia ya amri.

Usianze kutoka sifuri kama zana unayotumia inayo tayari. Qt ina `QUndoStack` tangu toleo la 4.2, Swing ya Java ina `UndoManager` ambayo bila kuambiwa huhifadhi hatua 100, macOS ina `NSUndoManager`, na kisanduku cha maandishi cha Tkinter kinatendua ukikiambia `undo=True`. Hicho cha Tkinter kinatendua maandishi yake tu; nyingine tatu zinakupa rundo la kuwekea amri. Amri zenyewe utaziandika wewe, na humo ndimo makosa yanamokaa. Tahadhari moja ya Qt iliyonipotezea jioni nzima: ukiisukuma amri kwenye `QUndoStack`, yenyewe inaita `redo()` papo hapo. Ukiwa umeshafanya kitendo kabla ya kusukuma, kitafanyika mara mbili. Rangi haitakuonyesha, maana nyekundu juu ya nyekundu ni nyekundu. Utashtuka siku kisanduku kitakapoongezwa viwili.

Hatua ya 4: Andika amri, na kila amri iwe na -ua yake

Amri rahisi kabisa ni ya kuhamisha:

```
class Hamisha:
    jina = "Kuhamisha"
    def __init__(self, namba, toka, kwenda):
        self.namba = namba
        self.toka = toka
        self.kwenda = kwenda

    def tenda(self, hati):
        hati.visanduku[self.namba].mahali = self.kwenda

    def tendua(self, hati):
        hati.visanduku[self.namba].mahali = self.toka
```

Angalia kwamba haihifadhi "sogeza hatua 15 kulia" ili baadaye itoe 15. Inahifadhi mahali pa zamani na mahali papya. Kujumlisha kisha kutoa kunaonekana ni kitu kimoja na kurudi, lakini kompyuta haioni hivyo: iambie Python ijumlishe 0.1 na 0.2 kisha itoe 0.2, itakupa 0.10000000000000003. Tofauti ni ndogo, lakini inatosha kumfanya mtumiaji aambiwe faili lake limebadilika wakati ametendua kila kitu. Kwenye picha ni wazi zaidi. Izungushe picha nyuzi 15, kisha irudishe nyuzi 15, na kingo zitakuwa na ukungu, kwa sababu kila mzunguko unakadiria pikseli upya. Kanuni ninayoishika ni hii: usikokotoe yaliyopita kama unaweza kuyakumbuka.

Kufuta ndiko kunakodai kumbukumbu zaidi:

```
class Futa:
    jina = "Kufuta"
    def __init__(self, namba):
        self.namba = namba

    def tenda(self, hati):
        self.nafasi = hati.mpangilio.index(self.namba)
        self.mishale = hati.ondoa_mishale_ya(self.namba)
        hati.mpangilio.remove(self.namba)
        self.kisanduku = hati.visanduku.pop(self.namba)

    def tendua(self, hati):
        hati.visanduku[self.namba] = self.kisanduku
        hati.mpangilio.insert(self.nafasi, self.namba)
        hati.rudisha_mishale(self.mishale)
```

Mara ya kwanza wengi huandika mstari wa kisanduku tu. Kisanduku kinarudi kweli, ila kinarudi juu ya vyote wakati kilikuwa chini, na mishale iliyokiunganisha na wenzake imetoweka. Mtumiaji anaona kitu fulani si sawa bila kuweza kukitaja. Kwa hiyo unapoandika kufuta jiulize: kitu hiki kikiondoka, ni nini kingine kinaondoka nacho au kinasogea kwa ajili yake? Orodha hiyo yote ndiyo -ua ya kufuta. Ona pia kwamba `tendua` inakwenda kinyume cha mpangilio wa `tenda`: kilichoondolewa mwisho kinarudishwa kwanza.

Hatua ya 5: Jenga historia

Wengine hutumia marundo mawili, la kutendua na la kurudia. Mimi napenda orodha moja na kiashiria kinachosema amri ngapi zimeshatendeka, kwa sababu hatua ya 8, ambako `alama` itaelezwa, itakuwa rahisi.

```
class Historia:
    def __init__(self, hati):
        self.hati = hati
        self.amri = []
        self.kiashiria = 0
        self.alama = 0

    def fanya(self, amri):
        amri.tenda(self.hati)
        if self.alama is not None and self.alama > self.kiashiria:
            self.alama = None
        del self.amri[self.kiashiria:]
        self.amri.append(amri)
        self.kiashiria += 1

    def tendua(self):
        if self.kiashiria == 0:
            return
        self.amri[self.kiashiria - 1].tendua(self.hati)
        self.kiashiria -= 1

    def rudia(self):
        if self.kiashiria == len(self.amri):
            return
        self.amri[self.kiashiria].tenda(self.hati)
        self.kiashiria += 1
```

Mstari wa `del` ndio unaofuta mkia: ukitendua hatua tatu kisha ukafanya jambo jipya, zile tatu zimekwenda na Rudia inazimwa. Watu wamezoea hivyo na wengi hawalalamiki. Emacs haikubali kupoteza kitu, kwake kutendua nako ni kitendo kinachoweza kutenduliwa; Vim inahifadhi matawi yote kama mti. Vyote viwili ni vizuri kwa anayevielewa, lakini kwa programu ya watu wote orodha iliyonyooka inatosha.

Pia `amri.tenda` imetangulia kabla mkia haujafutwa, na si kwa bahati. Amri ikigoma katikati kwa hitilafu, historia inabaki ilivyokuwa.

Hatua ya 6: Hatua moja ni kubwa kiasi gani?

Hapa ndipo Tendua inapokuwa nzuri au ya kuudhi, na hakuna maktaba itakayokuamulia.

Chukua kuburuta. Mtumiaji anabonyeza kisanduku, anakivuta kutoka kushoto hadi kulia, anaachia. Kwake ni kitendo kimoja. Kwako ni tukio la kubonyeza, matukio mamia ya kusogea, na la kuachia. Ukiunda amri kwa kila tukio la kusogea, Ctrl+Z moja itarudisha kisanduku pikseli mbili. Atabonyeza tena na tena, kisanduku kikitambaa kurudi kama konokono, mpaka achoke.

Dawa ya kuburuta ni kutounda amri yoyote wakati wa kuburuta. Kipanya kikibonyezwa, kariri mahali pa kisanduku. Kipanya kikisogea, chora kisanduku mahali papya kama onyesho tu, bila kugusa hati. Kipanya kikiachiwa, unda `Hamisha` moja yenye mahali pa mwanzo na pa mwisho. Kama mahali ni pale pale, usiunde kitu. Mtumiaji akibonyeza Esc katikati, futa onyesho na hakuna kilichotokea. Na muda wote wa kuburuta, Ctrl+Z izimwe. Usipoizima, kuna siku mtu atashika kisanduku kwa mkono mmoja na kutendua kuundwa kwake kwa mkono mwingine.

Kuandika maandishi kunataka dawa nyingine, kwa sababu hakuna "kuachia" kunakosema neno limeisha. Hapo amri mpya inajaribu kujiunga na iliyotangulia. Amri ya kuandika, `AndikaHerufi`, ipewe funksheni hii, na `fanya` iiulize ile ya mwisho kabla ya kuongeza mpya kwenye orodha:

```
def unganisha(self, mpya):
    if not isinstance(mpya, AndikaHerufi):
        return False
    if mpya.namba != self.namba:
        return False
    if mpya.pa_kuanzia != self.pa_kuanzia + len(self.maneno):
        return False
    if mpya.saa - self.saa > 1.0 or self.maneno.endswith((" ", "\n")):
        return False
    self.maneno += mpya.maneno
    self.saa = mpya.saa
    return True
```

Yaani herufi zinaungana kama ni za kisanduku kimoja, zinafuatana bila kishale kuhamishwa, hazijapishana zaidi ya sekunde moja, na neno halijakatwa na nafasi. Namba ya sekunde ni ya kuonja kama chumvi. Jaribu kwa mikono yako mwenyewe. Kufuta herufi kusiungane na kuandika herufi, hata kama vimefuatana haraka. Mtu aliyeandika sentensi akaifuta kwa bahati mbaya anataka sentensi irudi, na ukiviunganisha atarudishiwa utupu wa mwanzo. Kwenye Qt kazi hii inafanywa na `mergeWith`, na inaitwa tu kama amri zote mbili zina `id()` moja isiyokuwa -1.

Kinyume chake kipo pia: kitendo kimoja chenye amri nyingi. Mtumiaji ameteua visanduku 30 na kuvipaka rangi. Funga amri 30 ndani ya amri moja ya kifurushi, ambayo `tenda` yake inapita mbele na `tendua` yake inapita kinyumenyume. Kinyumenyume ni lazima, kwa sababu amri ya mwisho inaweza kuwa inategemea ya kwanza.

Hatua ya 7: Amri ishike namba, isishike kitu chenyewe

Labda umejiuliza kwa nini `Hamisha` inabeba `namba` na si kisanduku. Fuata mfuatano huu pole pole. Mtumiaji anaongeza kisanduku. Anakihamisha. Anatendua kuhamisha, anatendua kuongeza. Hati ni tupu. Sasa anarudia kuongeza, na amri yako inaunda kisanduku kipya kwenye kumbukumbu ya kompyuta. Kinafanana na cha zamani kwa kila kitu, lakini si kile. Anarudia kuhamisha: amri ya kuhamisha bado imeshika cha zamani, inakihamisha kwa uaminifu wote, na kwenye skrini hakuna kinachosogea. Kwenye C++ ni mbaya zaidi, kwa sababu cha zamani kimeshafutwa na programu inaanguka.

Kwa hiyo kila kitu cha hati kipewe namba isiyobadilika, na amri zikitafute kwa namba. Namba hiyo itolewe mara moja tu, amri ya kuongeza inapoundwa, si kila inapotendeka. Rudia lazima irudishe kisanduku namba 17 kikiwa bado namba 17.

Hilo linakwenda kwa vyote vinavyobadilika kila ukiviita: saa, tarehe, namba ya bahati nasibu. Vichukue mwanzoni, vihifadhi ndani ya amri, na `tenda` ivitumie vilivyohifadhiwa. Amri inayokwenda kuangalia saa upya wakati wa kurudia hairudii kitu, inafanya kingine.

Hatua ya 8: Kumbuka faili lilihifadhiwa wapi

Nyota au nukta kwenye kichwa cha dirisha, ile inayosema kuna mabadiliko hayajahifadhiwa, watu wengi huiendesha kwa ndiyo na hapana: badiliko lolote linaweka ndiyo, kuhifadhi kunaweka hapana. Ukiwa na historia hiyo haitoshi. Mtumiaji akihifadhi, akapaka rangi, akatendua, hati yake iko sawasawa na faili, na hakuna sababu ya kumuuliza anapofunga.

Ndiyo kazi ya `alama`. Ukihifadhi, `alama = kiashiria`. Hati ni safi kama viwili hivi viko sawa. Mtego uko hapa: amehifadhi kwenye hatua ya 5, akatendua hadi ya 3, akafanya mambo mawili mapya. Kiashiria kinasoma 5 tena, lakini hii siyo 5 ile. Bila ule mstari wa `None` kwenye `fanya`, programu itamwambia yuko salama na kumfungia dirisha huku kazi yake ikipotea. Kwa sababu hiyo hiyo usiunganishe amri mpya na ile iliyo kwenye alama, la sivyo hati itabadilika na kiashiria kitakaa palepale.

Hatua ya 9: Menyu na kibodi

Windows: Ctrl+Z na Ctrl+Y. macOS: Cmd+Z na Cmd+Shift+Z. Linux: Ctrl+Z, na kwa kurudia Ctrl+Shift+Z imezoeleka sana. Ukiweza, kubali Ctrl+Y na Ctrl+Shift+Z zote mbili, hazigombani.

Menyu itaje kitendo: "Tendua Kufuta", "Rudia Kuhamisha". Ndiyo maana ya `jina` kwenye amri. Isipokuwepo ya kutendua, kipengele kififie, kisipotee.

Mambo mawili yanasahaulika. Kwanza, kishale kikiwa ndani ya kisehemu cha kuandikia, Ctrl+Z ni ya maandishi hayo, si ya mchoro. Usimfutie mtu kisanduku wakati anasahihisha herufi kwenye kidirisha cha jina. Pili, kilichotenduliwa kionekane. Kama kisanduku kilichorudi kiko nje ya sehemu inayoonekana, sogeza ukurasa hadi kilipo. Asipoona kitu kikibadilika atabonyeza tena, na tena, akirudisha nyuma kazi bila kujua.

Programu ikifungua hati kadhaa, kila hati iwe na historia yake. Excel huweka orodha moja kwa vitabu vyote vilivyofunguliwa, na anayetendua kwenye kimoja anaweza kujikuta amerukia kingine. Nadhani hakuna sababu ya kuanza programu mpya hivyo.

Hatua ya 10: Weka kikomo

Kwa amri ndogo ndogo, hatua 1000 ni nafuu. Penye picha, usihesabu hatua, hesabu baiti: kila amri iseme uzito wake, na jumla ikivuka kiwango ulichoweka, ondoa za zamani kutoka mwanzo wa orodha. Ukiondoa, punguza `kiashiria` na `alama` kwa idadi hiyo hiyo, na alama ikishuka chini ya sifuri iwe `None`. Kwenye Qt, `setUndoLimit` inakubali tu wakati rundo ni tupu, kwa hiyo iite mwanzoni.

Hatua ya 11: Ijaribu kwa fujo

Kujaribu kwa mkono hakutoshi, kwa sababu unajaribu mifuatano unayoifikiria, na mifuatano hiyo ndiyo uliyoiandikia msimbo. Acha kompyuta ibonyeze ovyo:

```
def jaribu(mbegu):
    nasibu = random.Random(mbegu)
    hati = hati_ya_mfano()
    h = Historia(hati)
    picha = [hati.kwa_maandishi()]
    for _ in range(500):
        h.fanya(amri_yoyote(nasibu, hati))
        picha.append(hati.kwa_maandishi())
    for p in reversed(picha[:-1]):
        h.tendua()
        assert hati.kwa_maandishi() == p
    for p in picha[1:]:
        h.rudia()
        assert hati.kwa_maandishi() == p
```

Inafanya mambo 500 ya ovyo, inapiga picha ya hati kila baada ya moja, inarudi nyuma yote ikilinganisha, kisha inakwenda mbele yote ikilinganisha. `kwa_maandishi` inaweza kuwa ile ile funksheni inayoandika faili. Zima kuunganisha amri wakati wa jaribio hili, maana hesabu ya hatua haitalingana, na kuungana kwenyewe kuwe na jaribio lake. Hakikisha `amri_yoyote` inatoa kila aina ya amri uliyo nayo. Ukiongeza amri mpya kwenye programu, iongeze na humo siku hiyo hiyo.

Endesha kwa mbegu 1 hadi 200. Ikianguka, iandike mbegu mahali, kwa sababu mbegu ileile itakurudishia fujo ileile. Kisha punguza 500 hadi 250, hadi 100, hadi uone mfuatano mfupi kabisa unaoangusha. Kwangu karibu kila mara umekuwa wa amri tatu au nne, na mojawapo ni kufuta.